Umemaliza BSc, uko Tarime, hujawahi kufanya utafiti: uzamili unaombaje?

Wadau, kuna swali ambalo vijana wa kanda yetu wanaulizana sana, na majibu wanayopeana mengi ni ya kijiweni tu. Mtu amemaliza shahada ya kwanza ya sayansi, iwe biolojia, kemia, wanyamapori au ualimu wa sayansi. Amerudi nyumbani Sirari, Nyamongo, Tarime mjini au Mugumu. Anajitolea kufundisha sekondari ya kata, au anamsaidia mjomba dukani. Anataka kusoma uzamili, ikiwezekana hata uzamivu. Anaingia kafe, anafungua tovuti ya chuo, anakutana na maneno "uzoefu wa utafiti", basi anafunga na kuondoka. Wengi wameishia hapohapo.

Hebu leo tuliangalie jambo hili kwa kirefu. Sisemi ni rahisi, ila naona watu wengi wanajikatia tamaa kwa sababu isiyo ya kweli, halafu ile sababu ya kweli wanakutana nayo baadaye hawajajiandaa.

Kwanza tutenganishe mambo. Kwa vyuo vyetu vya hapa nchini, sharti kubwa la kuingia uzamili wa sayansi ni shahada ya kwanza inayohusiana na fani unayoomba, na GPA. Madaraja yetu mnayajua: 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 daraja la pili la chini. Programu nyingi zinaanzia 2.7, nyingine zinataka zaidi. Hakuna mahali wanapokwambia uje na utafiti wako mkononi, kwa sababu uzamili ndiyo mahali penyewe pa kufundishwa utafiti. Unasoma masomo darasani, kisha unapewa msimamizi na kuandika tasnifu. Mtu anayekwambia huwezi kwenda Mlimani, Sokoine au Nelson Mandela pale Arusha kwa sababu hujawahi kufanya utafiti, huyo anakutisha bure. Kinachobana hapa nyumbani ni ada. Tutafika huko.

Ulaya mambo yanafanana kiasi: uzamili kwanza, uzamivu baadaye, na nchi kama Ujerumani na zile za Skandinavia uzamivu mara nyingi ni ajira kabisa, unaomba kama kazi. Marekani ndiko kuna tofauti kubwa. Kule unaweza kutoka shahada ya kwanza ukaingia moja kwa moja kwenye uzamivu, chuo kikakulipia ada na posho. Kwa kuwa wanakulipa wewe kwa miaka mitano au zaidi, wanataka ushahidi kwamba hutachoka mwaka wa pili. Hapo ndipo uzoefu wa utafiti unapokuwa na uzito kweli. (Na wanaolenga Marekani waangalie habari za viza kabla ya kulipia chochote, maana Desemba 2025 serikali ya kule ilitangaza vikwazo vilivyoigusa Tanzania.)

Sasa swali la pili: una uhakika kwamba huna uzoefu? Mimi naona wengi wanao, hawajui tu kuuita jina lake. Uliyesoma Sokoine ulifanya spesho projekti mwaka wa mwisho, ukakusanya takwimu, ukaandika ripoti, ukasimamiwa. Huo ni utafiti. Uliyekwenda mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya maji, hospitali au mgodini ulishika vifaa na kufuata taratibu. Huo nao ni uzoefu. Uliyekuwa karani wa sensa Agosti 2022, ukazunguka na kishikwambi nyumba kwa nyumba, unajua jinsi takwimu zinavyokusanywa na zinavyoharibika kuliko profesa wengine.

Halafu kuna hawa ndugu zetu wa wilaya ya Serengeti ambao wameshiriki kazi kubwa za sayansi bila kujitambua. Chukua kichaa cha mbwa. Kwa miaka mingi watafiti wamekuwa wakifuatilia ugonjwa huu vijijini kuzunguka hifadhi. Yaani mtu akiumwa na mbwa wanakwenda hadi kwenye boma husika, wanauliza mbwa alitoka wapi, aliuma nani mwingine, alikufa lini. Kazi hiyo ya wilaya ya Serengeti, kuanzia mwaka 2002 hadi 2016, ilifuatilia wanyama wenye kichaa zaidi ya 3,000, na matokeo yake yalitoka mwaka 2022 kwenye jarida la Science, ambalo ni miongoni mwa majarida yenye heshima kubwa kabisa duniani. Kazi ya namna hiyo haiendi bila mtu anayejua njia ya kwenda kwenye boma na lugha ya mwenye boma. Kama wewe ndiye uliyekuwa unatafsiri, ukijaza fomu au ukishika mbwa wachanjwe, usiandike kwenye wasifu wako "nilikuwa kibarua wa mradi". Andika ulifanya nini hasa, vijiji vingapi, miezi mingapi, fomu ngapi. Namba zinasema zaidi ya sifa.

Hili ndilo linaloniuma kidogo. Wilaya zetu mbili hizi zimesomwa na dunia nzima. Simba wa Serengeti wanafuatiliwa mfululizo tangu 1966 alipoanza George Schaller, na Craig Packer wa Chuo Kikuu cha Minnesota akaendelea nao kuanzia 1978. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba hao, na ndiyo sababu mojawapo mbwa wetu wakaanza kuchanjwa. Mto Mara umeandikiwa tasnifu za uzamivu. Watu wamepata udaktari wa falsafa kwa kusoma vitu tunavyovipita tukienda mnadani, na mtoto wa hapohapo anasema hana pa kuanzia!

Tuuchukue huo Mto Mara maana unafaa kwa mfano. Watafiti Christopher Dutton na Amanda Subalusky, wakiwa Chuo Kikuu cha Yale, walifanya kazi upande wa Maasai Mara, Kenya. Mwaka 2017 walichapisha hesabu ya nyumbu wanaokufa maji wakivuka: wastani wa 6,250 kwa mwaka, kama tani 1,100 za nyama na mifupa zinazoingia mtoni. Mwaka 2018 wakatoa nyingine, nayo ndiyo ninayotaka muishike. Viboko wanajisaidia kwenye madimbwi, kinyesi kinarundikana wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha mafuriko yanakizoa chote kwa mpigo na oksijeni ya maji inashuka. Ndani ya miaka mitatu walirekodi mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni. 13 kati ya hayo yaliishusha mno, na wakashuhudia samaki wakifa.

Sasa kumbukeni Machi 2022. Maji ya Mto Mara upande wetu, huko chini kwenye kinamasi kuelekea Daraja la Kirumi, yalibadilika rangi yakawa meusi, samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kamati ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Mnakumbuka jinsi watu walivyocheka na kubisha. Wengine wakanyoosha kidole mgodini, kwa sababu watu wa Nyamongo hawajasahau mwaka 2009, maji ya mgodi wa North Mara yalipovuja kuingia Mto Tigithe.

Mimi hapa siamui nani alikuwa sahihi. Ninachosema ni kwamba ubishi ule wote ulikuwa wa namba: nani amepima, amepima wapi, siku ngapi baada ya samaki kufa, oksijeni ilikuwa kiasi gani kabla. Mwananchi asiye na vipimo anabaki kulalamika tu, na anayelalamika bila vipimo anajibiwa kwa taarifa kwa vyombo vya habari. Kijana wa Tarime akisoma kemia ya maji hadi uzamili, siku nyingine mto ukibadilika rangi kutakuwa na mtu wa nyumbani mwenye kumbukumbu za miaka mitano nyuma. Hiyo ndiyo faida ninayoiona, kuliko hata cheti.

Na angalia, pale tayari kuna swali la utafiti limekaa. Wale wa Yale walipima juu, kwenye viboko na bila mifugo mingi. Je, kwenye kinamasi chetu, ambako kuna ng'ombe wengi na matete, mvua za kwanza zinashusha oksijeni kwa njia ileile? Swali kama hilo, likiandikwa kwa aya moja safi, lina uzito kwenye maombi kuliko kurasa mbili za "tangu utotoni nilipenda sana sayansi".

Swali zuri halihitaji maabara. Mnamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Akaweka maziwa yakiwa bado ya moto kwenye friza, yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyokuwa yamepoa. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamwuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, wanafunzi wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na hadi leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana kama ni kweli au la, wengine wamepima wakasema hawaioni. Haidhuru. Swali lilitoka kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye friza ya shule.

Kuna wanaopenda kumtaja Jane Goodall, kwamba aliingia uzamivu Cambridge mwaka 1962 bila hata shahada ya kwanza. Ni kweli, lakini tusidanganyane. Alikuwa ameshakaa Gombe na sokwe tangu 1960, yaani uzoefu anao, digrii hana. Pia alikuwa na Louis Leakey wa kumpigia debe. Wewe una digrii, Leakey huna. Kwa hiyo njia yako ni nyingine.

Njia yenyewe ni kutengeneza kitu kidogo cha kuonyesha ndani ya miezi mitatu minne, hata kwa kompyuta ya kafe. Kuna mradi unaitwa Snapshot Serengeti. Walifunga kamera 225 ndani ya hifadhi zinazojipiga picha mnyama akipita, na mwaka 2012 wakaziweka picha kwenye mtandao wa Zooniverse ili mtu yeyote asaidie kutambua wanyama. Kwa picha za 2010 hadi 2013 pekee walijiandikisha watu zaidi ya 28,000, wakatoa majibu milioni 10.8. Wengi wao hawajawahi kumwona nyumbu! Utambuzi huo wa picha una faida yake, lakini dhahabu iko kwenye takwimu zilizotoka humo, maana zimewekwa wazi na ni za bure. Programu ya R ya kuchambulia nayo ni bure. Chukua swali moja dogo: fisi na simba wanapishana saa ngapi mbele ya kamera? Swala wanapungua miezi gani? Chora grafu mbili, andika kurasa nne, eleza ulichopata na usichoweza kukijua kutokana na picha. Ukifanya hivyo, una uzoefu wa kuchambua takwimu za kweli za nyumbani kwenu, na una kitu cha kuambatanisha.

Kupata makala za kisayansi usikubali kulipa. Ukikuta imefungwa, mwandikie mwandishi umwombe nakala, wengi hutuma siku hiyohiyo na hata hufurahi. Chuo ulichosoma pia kinaweza kuwa na njia, kwani tangu 2002 kuna mipango kama HINARI inayozipa taasisi za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei ndogo.

Tahadhari moja. Usiingie hifadhini kuchukua sampuli, wala usianze kuwapima watu damu au kuwahoji juu ya magonjwa yao ukisema ni utafiti. Utafiti wa wanyamapori una vibali vyake kupitia TAWIRI na COSTECH, na unaohusu afya za watu unapita NIMR kwa ajili ya maadili. Mtu akiona kwenye maombi yako kwamba uliruka hayo, umejimaliza mwenyewe.

Haya, tuje kwenye barua pepe. Hapa ndipo vijana wetu wanapoangukia. Profesa anapokea ujumbe unaosema "Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naomba unisaidie ufadhili, natoka familia duni", umetumwa kwa watu sitini kwa mpigo, na majina yote yanaonekana. Unafutwa. Andika kwa mtu mmoja, mistari michache. Kwa Kiingereza bila shaka, lakini kiini chake kiwe kama hivi:

"Profesa, nimesoma makala yenu ya 2018 kuhusu viboko na oksijeni katika Mto Mara. Nimekulia karibu na mto huo upande wa Tanzania na nina shahada ya kwanza ya kemia. Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi upande wetu, na nimekusanya taarifa zilizochapishwa juu ya tukio hilo. Najiuliza kama maelezo yenu yanafaa pia kwenye eneo lenye mifugo mingi. Uzoefu wangu wa maabara ni mradi wa mwaka wa mwisho tu, nilipima nitrati kwenye visima 12. Je, mnapokea mwanafunzi wa uzamili mwaka ujao? Naambatanisha wasifu na transkripti."

Umeona? Upungufu umetajwa kwa sentensi moja bila kulia, na ndani ya sentensi hiyohiyo kuna kilichofanyika. Asipojibu, subiri wiki mbili umkumbushe mara moja, kisha mwandikie mwingine. Na hizi programu za akili mnemba zinazoandika barua nzima: zitumie kusahihisha Kiingereza, basi. Barua zake zinafanana zote, na maprofesa wameshazizoea.

Barua za mapendekezo ni mtihani mwingine, hasa kwa aliyesoma darasa la watu mia tatu. Mhadhiri hakukumbuki, na si kosa lake. Mpelekee mapema, wiki tatu nne kabla, transkripti yako, ripoti ya mradi wako, na ukurasa mmoja unaoeleza unaomba nini na kwa nini. Aliyekusimamia mradi ndiye wa kwanza kumwomba. Wa pili anaweza kuwa msimamizi wa mafunzo kwa vitendo au mkuu wa shule unapojitolea. Mheshimiwa diwani na mchungaji waacheni wapumzike, hawawezi kusema kama unajua kutengeneza grafu.

Ada sasa. Wengi hawajui kwamba hapa nchini fedha nyingi za uzamili wa sayansi haziko ofisi ya udahili, ziko kwenye miradi ya wahadhiri. Mhadhiri anapata mradi wa miaka mitatu au minne, ndani yake kuna nafasi mbili za wanafunzi. Tangazo linabandikwa kwenye tovuti ya chuo, linakaa wiki tatu, linaondolewa. Kwa hiyo pitia kurasa za idara kila mwezi, na uwaandikie wahadhiri moja kwa moja kabla tangazo halijatoka.

Nje ya hapo, DAAD ya Ujerumani wamekuwa wakifadhili watu kusoma hata kwenye vyuo vya Afrika Mashariki. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusomea Uingereza unalipa ada, nauli na posho. Chevening wanataka saa 2,800 za kazi, na sikilizeni hapa: kazi ya kujitolea inahesabiwa. Ile miaka miwili unayofundisha bila mshahara Nyamwaga au Nata ina thamani, ilimradi una barua ya mkuu wa shule inayotaja tarehe na saa. Wa mambo ya maji waangalie IHE Delft ya Uholanzi, pia Egerton pale Njoro, Kenya, karibu na Mau mto wetu unakoanzia. Kuhusu mtihani wa Kiingereza, usikimbilie kulipia. Vyuo vingi vinakubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Uliza kwanza.

Wanaokuja na maneno ya "nipe laki tatu nikutafutie nafasi" wakimbieni. Udahili wa kweli hauuzwi na wakala wa stendi, na chuo usichokijua ulizia TCU kama kinatambulika kabla ya kutuma hata shilingi.

La mwisho ni la kafe. Skani vyeti vyote mara moja, vihifadhi kwenye barua pepe yako mwenyewe na siyo kwenye flashi tu, maana flashi za kafe zina virusi na zinapotea. Toka kwenye akaunti yako kabla hujaondoka. Usisubiri siku ya mwisho, umeme wa Tarime mnaujua. Na ukipata barua ya kukubaliwa lakini ufadhili haujatoka, usiitupe: waandikie chuo uombe kuahirisha kuanza hadi mwaka unaofuata. Vyuo vingi huruhusu, na kwenye maombi ya ufadhili ya mwaka huo utaambatanisha barua hiyo.